Pengo la Santuri Si Pengo la Muziki: Historia ya Ukusanyaji wa Rekodi za Bendi za Jazi katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Katika rafu za wakusanyaji wa santuri za Afrika Mashariki, Mkoa wa Mara unaonekana kwa nadra. Western Jazz, NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Cuban Marimba zina santuri zinazotafutwa hadi Ulaya na Marekani. Mara Jazz ya Musoma, iliyovuma kwa mtindo wake wa Sensera, inakumbukwa zaidi na waliosikiliza redio kuliko na wenye santuri. Bendi iliyolifikisha jina la mahali pa Mara mbali kuliko nyingine zote, yaani Shirati Jazz, huwekwa kwenye rafu ya Kenya. Mtu anayeitazama rafu hiyo bila tahadhari anaweza kuhitimisha kwamba kaskazini ya Mara ilikuwa na ngoma na litungu tu, na kwamba dansi la mjini liliwapita wakazi wake kando.

Makala hii inachunguza uhalali wa hitimisho hilo kwa kufuatilia historia ya ukusanyaji wa rekodi za bendi za jazi katika wilaya za Tarime na Serengeti. Hoja kuu ni kwamba kilichokusanywa katika wilaya hizi kiliamuliwa na njia ambazo sauti ilipitia kufika huko: viwanda vya santuri vya Nairobi, mitambo ya redio ya Dar es Salaam, na mpaka wa Sirari uliofunguliwa na kufungwa kwa amri za serikali. Kwa hiyo mahali penye pengo katika santuri pasisomwe kuwa palikosa muziki. Pengo lenyewe ni ushahidi wa kihistoria unaohitaji kuelezwa.

Ufafanuzi kuhusu mipaka ya eneo unahitajika mapema. Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Kabla ya hapo Shirati, iliyoko kando ya Ziwa Victoria, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Tarime, na katika enzi ya ukoloni eneo lote hilo liliitwa North Mara. Kwa kuwa rekodi zinazojadiliwa ni za kabla ya mgawanyo huo, jina Tarime linatumika hapa kwa mipaka yake ya zamani.

2.0 Bendi Kubwa na Maana ya Neno Jazi

Nchini Marekani, kipindi cha kati ya mwaka 1935 na 1945 hujulikana kuwa enzi ya swingi. Bendi za Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman na Glenn Miller zilikuwa na wapigaji zaidi ya 12, waliogawanywa katika makundi ya saksafoni, tarumbeta, tromboni na midundo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwachezesha watu katika kumbi za dansi. Santuri ya shelaki yenye mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika 3 za muziki kila upande, na nyimbo zilipangwa ili zitoshe katika muda huo. Kwa hiyo mkusanyaji wa swingi hukusanya sehemu ndogo tu ya ule muziki ambao ukumbini ungeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka.

Afrika Mashariki ililipokea neno jazi pamoja na vyombo vyake, lakini ililipa maana yake yenyewe. Kabla ya jazi kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride na vyombo vya shaba iliyoenea kutoka pwani hadi bara. Terence Ranger aliichambua historia yake katika kitabu cha mwaka 1975. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, ukiwa na nyimbo za Kuba za vikundi kama Trio Matamoros na Sexteto Habanero. Santuri hizo zilipendwa sana katika miji ya Tanganyika, na ndizo zilizowafundisha vijana wengi mapigo ya rumba. Salum Abdallah alipoanzisha bendi yake Morogoro mwaka 1948, jina la Cuban Marimba lilionyesha wazi chemchemi aliyochota.

Hivyo, bendi iliyojiita Jazz nchini Tanganyika haikulazimika kupiga swingi. Ilipiga dansi, na dansi hilo lilikuwa na rumba zaidi kuliko muziki wa Harlem. Hata hivyo mfanano na bendi kubwa za Marekani ulikuwapo katika muundo na kazi: safu ya saksafoni na tarumbeta, sare za jukwaani, kiongozi anayejulikana kwa jina, na ukumbi unaolipiwa kiingilio. Mfanano mwingine, ambao ndio kiini cha makala hii, ni namna sauti zao zilivyohifadhiwa au kupotea.

Kaskazini ya Mara haikuwa nje ya mikondo hiyo. Wakurya wa Tarime walijiunga kwa wingi na jeshi la King's African Rifles na polisi ya kikoloni, na wanaume wa Ikoma na jamii jirani za Serengeti ya magharibi nao walihudumu jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa hadi Burma walikutana na bendi za burudani za jeshi. Fundi Konde, aliyekuja kuwa miongoni mwa wanamuziki wakubwa wa Kenya, alipitia huduma hiyo. Wengine walipata mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kilimafedha. Kambi ya jeshi, mgodi na makao ya wilaya vilikuwa sehemu ambazo mtu wa kijijini angeweza kusikia gramafoni na kupata fedha ya kununulia yake. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme, na jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika wilaya ambazo vijiji vyake vilikaa miongo mingi bila nyaya.

3.0 Santuri na Njia ya Nairobi

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Huu ni ukweli wa kwanza ambao kila mkusanyaji wa dansi la Kitanzania anapaswa kuuzingatia. Bendi ya Dar es Salaam, Tanga au Morogoro iliyotaka santuri ilitegemea kampuni za Kenya. Lebo ya Mzuri ya Assanand and Sons, Mombasa, ilitoa santuri za Salum Abdallah, na baadaye kampuni za kimataifa zenye matawi Nairobi zikashika sehemu kubwa ya biashara. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilijulikana Kenya nzima kupitia santuri zilizotengenezwa Nairobi.

Kijiografia, mpangilio huu uliipa Tarime nafasi ya pekee. Mji wa Tarime uko kilometa chache kutoka Sirari, na ng'ambo ya Sirari ni Isebania. Mbele yake ni Migori, na kutoka hapo barabara huelekea Kisumu na Nairobi. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ndugu wa ukoo mmoja wana mashamba na masoko yao katika nchi mbili. Santuri iliyotengenezwa Nairobi ilikuwa na safari fupi zaidi kuja Tarime kupitia Isebania kuliko ile ambayo ingezunguka kupitia Dar es Salaam na Mwanza. Kwa mantiki hiyo, mkusanyaji wa Tarime aliishi pembezoni mwa soko la Kenya zaidi kuliko katikati ya soko la Tanzania. Wimbo wa Kiswahili uliotungwa Morogoro ungeweza kumfikia ukitokea kaskazini.

Serengeti ilikuwa katika hali tofauti. Mugumu iko mbali zaidi na mpaka, na upande wake wa mashariki umezuiwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Bidhaa zilizofika huko kwa kawaida zilipitia Musoma au Tarime kwanza. Kila kituo kilichuja mzigo: duka la Kisumu lilichagua nyimbo zinazouzika, mchuuzi akachagua katika hizo, na wa mwisho akabeba zile alizoweza kulinda zisivunjike barabarani. Tofauti kati ya wilaya hizi mbili inapaswa kuzingatiwa na kila anayekusanya leo, kwani kuhesabu santuri za Tarime na za Mugumu kisha kulinganisha mapenzi ya wakazi kwa muziki ni kupima barabara kwa jina la utamaduni.

Umbo la santuri nalo liliathiri kilichobaki. Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu anayefugwa hasa India. Santuri zake ni nzito na huvunjika zikianguka. Katika miaka ya 1960 santuri ndogo ya plastiki yenye mizunguko 45 iliichukua nafasi hiyo. Ilistahimili safari kuliko shelaki, ila ilichakaa haraka kwa sindano kuukuu na vumbi. Wimbo mrefu wa dansi uligawanywa sehemu mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma, na mara nyingi ni sehemu ya pili iliyobeba mzunguko wa magitaa na vyombo vya kupuliza uliowainua watu vitini. Anayekuta santuri ya aina hii ambayo upande wake wa pili umekwaruzika kuliko wa kwanza amepata ushahidi wa namna wenye nyumba walivyosikiliza. Mikwaruzo ni sehemu ya hati.

Mabadiliko ya makazi yaliongeza hasara. Katika Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, kaya nyingi za Mara zilihamishwa kwa muda mfupi. Chombo kinachovunjika na kisicholiwa hakikuwa na kipaumbele katika mzigo wa familia inayohama. Wanahistoria wa operesheni hiyo wameandika kuhusu mashamba, maji na mamlaka. Upotevu wa vitu vya sauti na picha bado ni sura isiyoandikwa.

4.0 Redio kama Mkusanyaji Mkuu

Mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa jazi ya Kitanzania alikuwa redio ya taifa. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, yakafuatiwa na Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 sera ya utamaduni ilisisitiza muziki wa nyumbani hewani. Kwa kuwa santuri za nyumbani hazikutosha kujaza saa za matangazo, redio ilizirekodi bendi yenyewe, katika studio yake na kwa kanda zake. Bendi za mikoani zilizokosa mkataba wa Nairobi zilipata hapo nafasi ya kuhifadhiwa. Sauti ya Mara Jazz iliwafikia Watanzania wengi kwa njia hiyo.

Utaratibu huu ulizaa hifadhi ya aina ya pekee. Kanda moja ya studio ilikaa Dar es Salaam, na nakala zake ziliishi hewani kwa dakika chache kila ilipopigwa. Msikilizaji wa Nyamongo au Mugumu aliujua wimbo kwa moyo bila kuumiliki. Hadi vituo binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, redio ya serikali ndiyo iliyoamua ni wimbo gani Watanzania wote wangeusikia jioni moja kwa pamoja. Upande wa Tarime, hata hivyo, sindano ya redio ingeweza kusogezwa kidogo na kuikamata Sauti ya Kenya, ambayo kituo chake cha Kisumu kilirusha vipindi kwa lugha za magharibi ya nchi hiyo, Kijaluo kikiwamo. Kijana wa Tarime alikua akiwa na masikio mawili, moja Dar es Salaam na jingine Kisumu.

Redio kaseti ilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, msikilizaji alipata uwezo wa kunasa kinachopita. Kaseti iliyorekodiwa nyumbani kutoka redioni ilidharauliwa kwa muda mrefu na wakusanyaji kwa kuwa sauti yake ni hafifu na wimbo mara nyingi umekatwa mwanzoni au kuzibwa na mtangazaji. Kwa mwanahistoria thamani yake ni kinyume cha hapo. Sauti ya mtangazaji hutaja bendi, mtindo, mtunzi, na pengine jina la aliyeomba wimbo na kijiji chake. Santuri ya Nairobi haina taarifa hizo. Anayefuta maneno ya mtangazaji ili kubakiza muziki safi anafuta ukurasa wa mwanzo wa hati yake.

Ulinganifu na enzi ya swingi unasaidia kuliona jambo hili. Mhandisi wa sauti Bill Savory alirekodi matangazo ya redio ya bendi za jazi New York mwishoni mwa miaka ya 1930. Mkusanyiko wake, wenye takriban diski 1,000, ulikaa mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 2004, na mwaka 2010 ulichukuliwa na National Jazz Museum ya Harlem. Ndani yake wasikilizaji walizikuta bendi zilizodhaniwa kujulikana kikamilifu zikipiga kwa urefu na uhuru ambao santuri za dakika 3 hazikuruhusu. Mtu mmoja aliyenasa redio alibadilisha picha ya enzi nzima. Kaseti zilizomo katika masanduku ya nyumba za Tarime na Serengeti ni za daraja hilohilo la ushahidi, hata kama hazikurekodiwa kwa vifaa vya kihandisi.

5.0 Mipaka Miwili Iliyofungwa: 1942 na 1977

Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilisimamisha wanachama wake kurekodi kwa ajili ya makampuni ya santuri, kikidai malipo kutokana na matumizi ya santuri katika redio na mashine za muziki. Kampuni ya Decca ilikubaliana nacho mwaka 1943. Victor na Columbia zilisubiri hadi Novemba 1944. Katika kipindi hicho bendi ya Earl Hines ilikuwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie kwa pamoja, na haikuacha santuri hata moja ya studio ya wakati huo. Mkusanyaji anayeamini rafu yake angesema bendi hiyo haikuwapo. Wanahistoria wa jazi walijifunza kwa kisa hicho kulitafuta pengo kwanza, kisha kuuliza nani aliyelisababisha.

Afrika Mashariki ina pengo lake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mnamo Februari 1977, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa Tarime, amri hiyo ilikata barabara ileile iliyoleta santuri. Wanamuziki wenyewe hawakuacha kabisa kuvuka: Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa tarehe 12 Januari 1979, wakati mpaka ukiwa umefungwa rasmi. Ndugu wa Kinyonga, waliotoka Tanga, walikuwa wameshajijenga Nairobi na Simba Wanyika tangu mwaka 1971, na Les Wanyika ikazaliwa huko mwaka 1978. Muziki wa Kiswahili uliendelea kuchanua Nairobi, huku duka la Tarime likikosa njia halali ya kuuagiza.

Mtu anayekusanya santuri za Nairobi katika Wilaya ya Tarime hana budi kuitazama miaka hiyo kwa jicho hili. Uchache wa santuri za mwaka 1977 hadi 1983 hauwezi kuelezwa kwa mabadiliko ya ladha pekee. Vilevile santuri ya kipindi hicho inayopatikana upande wa Tanzania ina swali la ziada: iliingia lini na kwa njia gani? Huenda ilivuka kwa magendo, pamoja na bidhaa nyingine zilizoadimika madukani. Huenda ilinunuliwa baada ya 1983 ikiwa imekwisha kuwa ya zamani. Majibu hayo mawili yanasimulia historia mbili tofauti za nyumba moja. Mwenye santuri akiwa hai, swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya swali la bei.

6.0 Shirati Jazz na Tatizo la Rafu

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, Shirati, katika eneo lililokuwa North Mara. Aliondoka kwao akiwa kijana, akajijenga kimuziki Kenya, na katika miaka ya 1960 akaanzisha bendi iliyobeba jina la kwao. Benga aliyopiga ilikuwa na gitaa la kuongoza linalokimbia kwa namna inayokumbusha nyatiti ya Wajaluo, juu ya besi nzito inayosikika mbele. Bendi yake ilirekodi kwa majina kadhaa, likiwamo D.O. 7 Shirati Jazz, na santuri zake zilienea pande zote za Ziwa Victoria. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006.

Santuri zake zilipotolewa upya kwa wasikilizaji wa Ulaya, zilibeba bendera ya nchi zilikotengenezwa. Mkusanyiko wa nyimbo zake za miaka ya 1970 uliotolewa na kampuni ya Sterns mwaka 2010 unaitaja benga hiyo kuwa ya Kenya katika anwani yake. Kibiashara maelezo hayo ni sahihi: studio, kiwanda na soko kubwa vilikuwa Kenya. Kihistoria yanaacha sehemu muhimu. Jina la bendi ni jina la mahali nchini Tanzania, na mtunzi mwenyewe alitendewa kama mgeni pale tungo zake zilipowaudhi wenye mamlaka ya Kenya. Alikamatwa na kukabiliwa na tishio la kurudishwa Tanzania. Hivyo mtu huyohuyo alikuwa Mtanzania mbele ya polisi na Mkenya mbele ya rafu.

Athari ya upangaji huu kwa Mara si ndogo. Mtafiti anayetafuta muziki wa Tanzania katika maktaba za nje hatamkuta Misiani, na anayetafuta wa Kenya hatafika Shirati. Mkoa unapoteza mtoto wake kwa sababu ya mstari wa lebo. Suluhisho halihitaji ugomvi wa mataifa kuhusu umiliki wa benga. Linahitaji orodha yenye safu zaidi ya moja: mahali alipozaliwa mtunzi, mahali bendi ilipofanya kazi, mahali iliporekodi, mahali santuri ilipotengenezwa, na mahali nakala iliyopo ilipopatikana. Safu ya mwisho ndiyo ambayo wakusanyaji wengi huiacha wazi, na ndiyo ambayo Tarime na Serengeti zinaweza kuijaza vizuri kuliko maktaba yoyote ya mbali.

7.0 Mbinu za Kuisoma Rekodi

Wakusanyaji wa jazi walitangulia kuutambua umuhimu wa orodha. Mfaransa Charles Delaunay alichapisha orodha yake ya rekodi mwaka 1936, na baadaye Mwingereza Brian Rust akaandaa orodha kubwa ya jazi iliyorekodiwa hadi mwaka 1942. Silaha yao kuu ilikuwa namba ya matriksi, yaani alama iliyochorwa kwenye sahani karibu na lebo, ambayo huonyesha mpangilio wa kurekodi hata pale lebo inapokosa tarehe. Mbinu hiyo inafaa kwa santuri za Nairobi na Mombasa, ambazo aghalabu hazina mwaka.

Kwa kanda na kaseti zisizo na namba, jina la bendi linaweza kuwa kalenda. Bendi ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz iliitwa JUWATA baada ya jumuiya ya wafanyakazi kubadilika mwaka 1978, kisha OTTU katika miaka ya 1990, na hatimaye Msondo Ngoma. Mtangazaji anayesema NUTA anaiweka rekodi kabla ya mabadiliko hayo. Majina ya mitindo hufanya kazi hiyohiyo: Saboso huashiria Western Jazz, Segere Matata huashiria Tabora Jazz, na Sensera huirudisha kanda kwa Mara Jazz hata kama jalada lake limeliwa na mchwa.

Hatua za uhifadhi nazo zinapaswa kuzingatia mazingira. Joto hukunja santuri iliyolazwa, unyevu wa kando ya ziwa huotesha ukungu kwenye utepe, na mchwa hula majalada ya karatasi yenye maandishi ya thamani. Santuri zisimamishwe wima, kaseti ziwekwe mbali na paa la bati, na majalada yapigwe picha mapema kabla ya kazi yoyote ya kunakili sauti. Juhudi za kudijitisha kanda za redio ya taifa, zilizoanza kuzungumzwa hadharani mwanzoni mwa miaka ya 2010, zimeonyesha thamani ya hifadhi ya Dar es Salaam. Hifadhi ya majumbani haijapata mtetezi wa kiwango hicho.

Suala la haki haliwezi kuachwa nje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda watunzi na wapigaji, na warithi wa wanamuziki wengi wa mikoani bado wako hai. Mkusanyaji anayenunua sanduku la kaseti kwa bei ya chini, akalipeleka ng'ambo na kulitoa upya bila kuwatafuta warithi, anaiongezea Mara hasara ya pili juu ya ile ya kusahauliwa. Kunakili kwa ajili ya utafiti, na nakala kubaki wilayani, ni njia inayowezekana na ya haki zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba uchache wa rekodi za bendi za jazi kutoka kaskazini ya Mara una sababu zinazoweza kutajwa na kuwekewa tarehe: kukosekana kwa kiwanda cha santuri nchini, kutegemea kanda moja iliyokaa Dar es Salaam, uhamaji wa katikati ya miaka ya 1970, kufungwa kwa mpaka kati ya mwaka 1977 na 1983, na lebo zilizompa mtunzi nchi ya kiwanda. Sababu hizo hazikuwazuia watu kusikiliza, kucheza wala kupiga. Ziliamua tu ni kipi kingebaki mkononi baada ya dansi kwisha.

Kwa hiyo kazi ya ukusanyaji katika Tarime na Serengeti inapaswa kuanzia pale ambapo wakusanyaji wa kawaida huishia. Kaseti yenye kelele za redio, santuri iliyochakaa upande mmoja na kumbukumbu ya mzee anayejua ilikonunuliwa zinapaswa kuandikwa pamoja kama hati moja. Wazee waliokuwa na miaka 20 wakati wa Uhuru sasa wamepita miaka 80. Utepe wa kaseti unaweza kusubiri kidogo katika sanduku kavu. Wanaoweza kusema nani alipiga tarumbeta, na wimbo uliombwa na nani, hawawezi kusubiri kwa muda huo.